Majina Manne ya Timu Moja: TP Mazembe na Swali la Mwenye Timu

Katika masomo yetu ya uraia tumekwisha kueleza tofauti kati ya mali ya umma na mali ya mtu binafsi. Barabara ni ya umma. Duka ni la mwenye duka. Hata hivyo, viko vitu ambavyo haviingii kwa urahisi katika kundi lolote kati ya hayo mawili, na timu ya mpira wa miguu ni kimojawapo. Kwenye karatasi timu ina viongozi, ina ofisi na ina akaunti ya benki. Lakini mtu asiyemiliki hata kiti kimoja cha uwanjani husema "timu yetu" bila kusita, na timu hiyo ikifungwa hukosa hamu ya chakula. Je, mtu huyo anajidanganya, au anajua jambo ambalo karatasi hazilijui?

Ili tulitafakari swali hili, nimechagua historia ya klabu moja ya nchi jirani: Tout-Puissant Mazembe ya Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mafanikio yake yanajulikana. Imekuwa bingwa wa Afrika mara tano, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Imetwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1980, na Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo, 2016 na 2017. Tena, ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo tutazame nani aliyeunda, kwa fedha za nani, na kwa ajili ya nani.

Njia rahisi ya kuifuata historia hiyo ni kuyafuata majina. Timu hii imeitwa Saint-Georges, kisha Saint-Paul, kisha Englebert, na mwishowe Mazembe. Kila jina lilitolewa na mwenye nguvu wa wakati wake. Atakayeyaelewa majina hayo manne atakuwa ameielewa pia sehemu kubwa ya historia ya Kongo.

Mji wa shaba na lugha ya kazi

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910, nao wakauita Élisabethville kwa heshima ya malkia wao. Sababu ya kuwepo kwake ilikuwa moja tu: shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha madini, na eneo hilo halikuwa na watu wa kutosha. Hivyo wafanyakazi walitafutwa mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, na hata Ruanda-Urundi.

Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Walihitaji lugha ya kuelewana machimboni, sokoni na kanisani, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Ndiyo maana hadi leo Lubumbashi huzungumza Kiswahili chake chenye ladha ya pekee, kilichochanganyika na Kifaransa na lugha za wenyeji. Mwanafunzi anayedhani kwamba Kiswahili ni lugha ya pwani peke yake hana budi kulikumbuka jambo hili. Zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, kando ya tanuru za shaba, lugha hii ililea mji mzima, na katika mji huo ikazaliwa timu yetu.

Mji wenyewe uligawanywa kwa rangi. Wazungu waliishi upande wao, Waafrika wakaishi katika vitongoji vyao, na katikati ukaachwa ukanda mtupu usiojengwa. Kitongoji cha kale zaidi cha Waafrika ni kile kinachoitwa leo Kamalondo. Tulishike jina hilo, kwani tutalikuta tena.

Watakatifu wawili

Mwaka 1939 watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto, waliokuwa wakiendesha shule ya Saint-Boniface mjini humo, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya wanafunzi wao. Waliipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti. Nia yao haikufichika. Mpira ulikuwa njia ya kuwafunza vijana utii, usafi na matumizi mema ya saa za mapumziko. Serikali ya kikoloni na kampuni za madini nazo ziliupenda mpango huo, kwa sababu kijana anayekimbiza mpira jioni hana nafasi ya kukaa na wenzake kuzungumzia mishahara.

Hata hivyo, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, kwani vita vya dunia vilikuwa vimepandisha bei za vitu. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville kusubiri majibu. Jibu lilikuwa risasi. Makumi ya watu waliuawa, akiwemo Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba yao. Kwa hiyo uwanja uleule ambao watawala waliutarajia uwe mahali pa kuwatuliza watu ukawa mahali ambapo watu walidai haki yao na kuilipia kwa damu. Ninalitaja tukio hili kwa makusudi. Wapo wanaosema kwamba mpira hauhusiani na siasa. Katika mji huu, tangu mwanzo, viwili hivyo vilikanyaga nyasi moja.

Mwaka 1944 timu ilibadilishwa jina ikawa Saint-Paul. Baadaye wakaanza kuingizwa wachezaji ambao hawakuwa watoto wa shule ya watawa, nao watawa, walipoona kwamba timu haiko tena mikononi mwao, wakaacha kuiongoza. Hapa ndipo tunapoona dalili ya kwanza ya jambo litakalojirudia. Mwenye timu anapoondoka, timu haifi. Hutafuta mwenye mwingine.

Jina la tairi

Mwenye mwingine alikuwa mfanyabiashara. Englebert ilikuwa kampuni ya Kibelgiji ya kutengeneza matairi, na kwa kuwa iliifadhili timu, timu ikaitwa Englebert. Leo tunaona kampuni zikiandika majina yao kifuani mwa jezi na kudhani kwamba huo ni utamaduni mpya. Vijana wa Élisabethville walikwisha kuitwa kwa jina la tairi miongo mingi iliyopita. Mbele ya jina hilo yakatangulia maneno Tout-Puissant, yaani "Mwenye Nguvu Zote", na sifa hiyo haijaondoka mpaka leo: herufi T na P tunazozitamka kila siku ndizo hizo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na kuwa nchi yake. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa karibu na Élisabethville mwezi Januari 1961, na utengano ule haukumalizika hadi Januari 1963, baada ya vita na kuingia kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Mwezi Novemba 1965 Jenerali Mobutu alitwaa madaraka, na mwaka uliofuata Élisabethville ikaitwa Lubumbashi.

Ni katika majivu hayo Englebert ilipong'ara. Mwaka 1966 ilitwaa ubingwa wa taifa na Kombe la Kongo. Mwaka 1967 ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare ya bao 1-1 Kumasi, kisha sare ya mabao 2-2 Kinshasa. Ikaamriwa mchezo wa tatu uchezwe Kamerun, lakini Kotoko haikutokea uwanjani, na Englebert ikapewa kombe. Wapo walionung'unika kwamba ubingwa huo ulikuwa wa mezani. Englebert iliwajibu kwa miguu: katika mashindano ya 1968 ilichukua kombe tena, ikiishinda Étoile Filante ya Togo kwa jumla ya mabao 6-4. Ikawa timu ya kwanza kulitetea kombe hilo kwa mafanikio, na ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla ya timu nyingine, Enyimba ya Nigeria, kufanya hivyo mwaka 2003 na 2004. Englebert ilifika fainali mbili zaidi, 1969 na 1970, lakini ikashindwa na Ismaily ya Misri na kisha na Kotoko wale wale, ambao safari hii walitokea.

Tutafakari maana ya mambo hayo. Miaka michache tu kabla, Katanga ilikuwa imejitenga kwa bunduki. Sasa timu ya Katanga inacheza fainali Kinshasa, mji mkuu, kwa jina la Kongo nzima. Mwezi Januari 1968, mjini Addis Ababa, timu ya taifa ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa kuifunga Ghana bao 1-0, na mfungaji wa bao hilo alikuwa Pierre Kalala, mshambuliaji wa Englebert. Mikutano ya kisiasa ilikuwa imejaribu kuwaunganisha Wakongo kwa hotuba ndefu. Kalala aliwaunganisha kwa shuti moja, walau kwa jioni ile. Lakini nawaomba wanafunzi wangu wasisahau neno "walau". Mpira huweza kuwaonjesha watu umoja. Kuujenga umoja wenyewe ni kazi ya sheria, haki na mgawanyo mwema wa mali.

Jina la nchi mpya

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alitangaza siasa ya kurejea asili. Kongo ikaitwa Zaire mwezi Oktoba 1971. Raia waliamriwa kuacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya Kiafrika, na kwa hiyo Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi. Mkoa wa Katanga, ambao jina lake lilikumbusha utengano, uliitwa Shaba, neno letu la Kiswahili la madini yale yale. Na timu iliyokuwa na jina la tairi la Kibelgiji ikaitwa Mazembe.

Je, mabadiliko hayo yalikuwa mema au mabaya? Mwanafunzi wa historia asikimbilie jibu la neno moja. Kwa upande mmoja, ni haki ya watu walio huru kuyatupa majina waliyopewa na waliowatawala. Hakuna aibu katika kukataa kuitwa tairi. Kwa upande mwingine, amri ya kubadilisha majina ilitoka juu, kwa mtu mmoja, bila raia kuulizwa. Watawa hawakuwauliza mashabiki, kampuni haikuwauliza, na serikali ya Zaire nayo haikuwauliza. Jina lilibadilika, desturi ya kutouliza ikabaki pale pale.

Uwanjani, jina jipya halikupunguza kitu. Mlinzi wa Mazembe, Bwanga Tshimen, alichaguliwa kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa mwaka 1973. Mlinda mlango Kazadi Mwamba alikuwa golini mwa Zaire katika Kombe la Dunia la 1974 huko Ujerumani Magharibi, mashindano yaliyowapa Wazaire fahari ya kuwa taifa la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kushiriki, na pia maumivu ya kufungwa mabao 9-0 na Yugoslavia. Mwaka 1980 Mazembe ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Africa Sports ya Kodivaa.

Mgodi unapougua

Baada ya hapo mashabiki wa Lubumbashi walingoja muda mrefu. Kiini cha kungoja huko hakikuwa miguu ya wachezaji. Union Minière ilikuwa imetaifishwa mwaka 1967 na hatimaye ikaitwa Gécamines, na kampuni hiyo ndiyo iliyobeba mji: mishahara, hospitali, shule, hata vifurushi vya unga. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 ilitoa chini ya tani 50,000. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka, mitambo haikukarabatiwa, na mapato yalikuwa yamefujwa kwa miaka mingi. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi mkubwa wa Kamoto iliporomoka.

Njaa ikaleta ubaguzi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wengi wao wakiwa wamezaliwa humo, wajukuu wa wale wachimbaji walioletwa na Union Minière. Waliambiwa kwamba hapo si kwao. Mji uliojengwa na wageni ukaanza kuwauliza watu asili yao. Katika miaka hiyo ya dhiki Mazembe nayo ilififia. Ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1987, na haikuupata tena hadi 2000.

Mfadhili

Mwaka 1997 utawala wa Mobutu ulianguka, Zaire ikarejea kuitwa Kongo, na Shaba ikarejea kuitwa Katanga. Timu haikurejea kuitwa Englebert. Mwaka huo huo Moïse Katumbi, mfanyabiashara mzaliwa wa Katanga, alishika uongozi wa Mazembe, na tangu hapo jina lake na la timu yamekuwa kama pete na kidole. Utajiri wake ulitokana, pamoja na mengine, na kampuni ya huduma za migodi. Kwa hiyo shaba ilirudi kuilisha timu, safari hii kupitia mkono wa mtu mmoja.

Mazembe ilianza kuwalipa wachezaji vizuri na kwa wakati, jambo ambalo katika klabu nyingi za Afrika lilikuwa adimu. Iliajiri makocha kutoka nje. Iliweza kumshawishi mchezaji mwenye kipawa abaki barani badala ya kukimbilia ligi za chini za Ulaya. Matunda yalionekana mwaka 2009, ilipotwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa faida ya goli la ugenini dhidi ya Heartland ya Nigeria, baada ya kungoja miaka 41. Mwaka 2010 ikaitetea kwa kishindo: iliifunga Espérance ya Tunisia mabao 5-0 Lubumbashi, kisha ikatoka sare ya 1-1 Tunis.

Mwezi Desemba mwaka huo Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Iliifunga Pachuca ya Meksiko bao 1-0. Katika nusu fainali iliifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0, yaliyofungwa na Kabangu na Kaluyituka. Mlinda mlango Robert Kidiaba alishangilia kwa mtindo wake wa kuketi chini na kurukaruka huku ameketi, na dunia nzima ikacheka na kushangaa pamoja naye. Kabla ya siku hiyo fainali zote za mashindano hayo zilikuwa zimechezwa na timu za Ulaya na Amerika Kusini peke yake. Tarehe 18 Desemba Mazembe ilifungwa mabao 3-0 na Inter Milan, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na klabu nyingine ya Afrika, Raja Casablanca ya Moroko, iliupita miaka mitatu baadaye.

Sheria haina jezi

Habari ya 2010 ina upande mwingine ambao mashabiki hupenda kuuruka. Nyota mkubwa wa Mazembe, Trésor Mputu, aliyekuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka 2009, hakuwepo Abu Dhabi. Mwezi Mei 2010, katika Kombe la Kagame mjini Kigali, yeye na mwenzake mmoja walimkabili mwamuzi kwa fujo katika mchezo dhidi ya APR ya Rwanda, na Shirikisho la Soka la Dunia likamfungia mwaka mmoja. Mchezo mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu yake ulimpita akiwa nje.

Mwaka 2011 mambo yaliongezeka. Mazembe, bingwa mtetezi, iliitoa Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa. Simba ikakata rufaa kwamba mchezaji mmoja wa Mazembe hakuwa amesajiliwa kihalali. Shirikisho la Afrika lilisikiliza, likaikubali rufaa na kumwondoa bingwa katika mashindano. Simba ilipewa nafasi ya kucheza mchezo mmoja na Wydad ya Moroko ili kuingia hatua ya makundi, ikashindwa. Lakini hoja yake ilikuwa imesimama.

Kwa somo la uraia, matukio haya mawili yana thamani kuliko makombe. Taifa au klabu huheshimika pale ambapo kanuni humgusa mkubwa kama inavyomgusa mdogo. Na tuone ajabu ya mambo: katika mapambano hayo hayo na Simba, Mazembe ilivutiwa na kijana mmoja wa timu pinzani, Mbwana Samatta. Ilimsajili mwaka huo huo. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye akajiunga. Vijana hao walifika nchi ya kigeni na kukuta mitaa inayosema lugha yao.

Majirani hawakuwa Watanzania tu. Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu walivuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kucheza Lubumbashi, kama babu zao walivyouvuka kuja kuchimba shaba. Mkwaju wa penalti uliowapa Wazambia Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012 ulipigwa na Sunzu, akiwa mchezaji wa Mazembe. Mwaka 2015 Samatta alifunga katika fainali dhidi ya USM Alger ya Algeria, Mazembe ikatwaa ubingwa wa tano, na mwezi Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Mji ulioanza kwa kukusanya nguvu za majirani kwa ajili ya migodi sasa ulikuwa ukikusanya vipaji vyao kwa ajili ya furaha.

Fainali hiyo ya Lubumbashi ilichezwa katika uwanja ambao Mazembe yenyewe ilikuwa imeujenga na kuufungua mwaka 2011. Uwanja huo uko Kamalondo, kile kitongoji cha kale cha Waafrika. Hapa tofauti na 1941 haihitaji maelezo mengi.

Mfadhili anapoondoka

Tulirejee sasa swali la mwenye timu. Katumbi alikuwa pia mwanasiasa. Aliongoza mkoa wa Katanga akiwa gavana tangu 2007 hadi 2015, mwaka ambao mkoa huo uligawanywa kuwa mikoa minne. Alijiuzulu, akaingia upinzani, na mwezi Mei 2016 akaondoka nchini. Mwaka 2018 alizuiwa kuingia Kongo kupitia Kasumbalesa alipotaka kwenda kuandikisha ugombea wake wa urais. Alirudi Lubumbashi mwezi Mei 2019, na katika uchaguzi wa 2023 akashika nafasi ya pili.

Katika hali hiyo ni rahisi kumwona shabiki kuwa mpiga kura, na kombe kuwa bango la kampeni. Sisemi kwamba kila anayevaa jezi nyeusi na nyeupe humfuata rais wa klabu katika siasa. Wala hili si jambo la Lubumbashi peke yake. Mobutu alilijua, na watawala wa mabara yote hulijua. Ninachosema ni kwamba raia mwerevu hushangilia kwa moyo wake wote siku ya Jumapili, na siku ya Jumatatu huuliza juu ya maji, shule na barabara kama vile timu yake haikushinda. Shukrani kwa mfadhili ni adabu njema, lakini kura haina deni la goli.

Na timu yenyewe? Mfadhili akiwa uhamishoni, Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho mwaka 2016 dhidi ya MO Béjaïa ya Algeria, na tena 2017 dhidi ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Wapo watakaosema kwamba fedha zake ziliendelea kufika, nami siwezi kuwapinga. Lakini ligi haichezwi na fedha peke yake. Palikuwa na makocha, waganga wa timu, watunza uwanja, wachezaji waliofunzwa hapo hapo, na watu wa Kamalondo waliojaza viti.

Hata mshindani ana sehemu yake. Katika mji huo huo ipo Saint-Éloi Lupopo, timu iliyotoka kwa wafanyakazi wa reli. Mtakatifu wake ni msimamizi wa mafundi wa chuma, nayo jina lake la mtakatifu haijaliacha. Bila watani hao wa jadi, Mazembe isingekuwa Mazembe, kwa maana chuma hunolewa kwa chuma.

Mwezi Novemba 2024 historia iliongeza ukurasa. Timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa Wanawake huko Moroko, ikiifunga AS FAR ya Rabat bao 1-0 kwao. Watawa wa 1939 waliianzisha timu kwa ajili ya wavulana wa shule yao. Hawakuwaza kwamba miaka 85 baadaye mabinti wa Lubumbashi wangelibeba kombe la bara kwa jina ambalo watawa hao hawakulichagua.

Basi, timu ni ya nani? Mtakatifu alibadilishwa, kampuni ikaondoka, na rais aliyeamuru majina ya Kiafrika akafia ugenini. Kila mmoja alidhani ameitia timu muhuri wake wa milele. Waliobaki katika vipindi vyote vinne ni wale waliolipa kiingilio, wajukuu wa wachimbaji wanaosema "yetu". Kwa mtazamo wangu hawajidanganyi. Lakini neno "yetu" lina wajibu ndani yake. Asemaye "yetu" anapaswa kuuliza mapato yanavyotumika, viongozi wanavyochaguliwa, na timu itakavyoishi mfadhili wa leo atakapochoka au atakapofariki. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Klabu inayopendwa na watu wote lakini ikahesabiwa na mtu mmoja ina mapenzi mengi na ulinzi mdogo, na hivyo ndivyo ilivyo kwa nchi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza kwa maneno yako nani aliyetoa kila moja kati ya majina manne ya timu hii, na alikuwa na nia gani.

2. Je, amri ya kubadilisha majina iliyotoka kwa mtu mmoja inaweza kuitwa uhuru? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa.

3. Mwandishi anasema kwamba kura haina deni la goli. Fafanua usemi huo, kisha tunga aya moja kuhusu timu au chama cha mahali unapoishi: nani hukifadhili, na nani hukikagua hesabu zake?